Mitambo ya Kujiendesha katika Upimaji wa Kemikali Sugu za Maji ya Kunywa: Mfano wa PFAS nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi maabara zinavyopima kemikali sugu za kundi la PFAS katika maji ya kunywa, na nafasi ya mitambo inayojiendesha katika kazi hiyo. Mfano unaotumika ni wa Marekani, ambako mbinu za upimaji zimeandikwa kwa kina na ambako kanuni ya mwaka 2024 iliweka ukomo wa nanogramu 4 kwa lita kwa kemikali mbili za kundi hilo. Hoja kuu ni kwamba ukomo huo haukuwekwa mahali ambapo madhara huanzia, bali mahali ambapo maabara zinaweza kupima kwa kuaminika. Kwa sababu hiyo, ubora wa kazi ya maabara ni sehemu ya ulinzi wa mnywaji. Inaonyeshwa kwamba mtambo hupunguza tofauti baina ya mkono mmoja na mwingine, lakini wenyewe unaweza kuwa chanzo cha kemikali zilezile unazozitafuta. Mwishoni, makala yanajadili namna majibu ya maabara yanavyopaswa kuelezwa kwa Kiswahili bila kumhakikishia msomaji jambo ambalo kipimo hakikulithibitisha.

Maneno muhimu: PFAS, maji ya kunywa, maabara, uziduaji, mtambo wa kujiendesha, kiwango cha kuripotiwa.

1. Utangulizi

Kwa karne nyingi mnywaji wa maji alitegemea macho, pua na ulimi wake kutambua maji mabaya. Katika karne ya 19 sayansi ilionyesha kwamba hata maji maangavu huweza kubeba kipindupindu, na tangu hapo jamii nyingi zimejifunza kuyachemsha. Kemikali sugu za viwandani zimeleta tatizo la namna nyingine. Katika viwango vinavyokutwa majini, kemikali hizo hazionekani, hazina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuziondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, kemikali hubaki sufuriani, na kiwango chake kwa kila lita huongezeka kidogo. Njia pekee ya kujua kama zimo, na ni kiasi gani, ni maabara.

Hali hii humweka mwananchi katika utegemezi mkubwa. Hawezi kulihakiki jibu la maabara kwa njia yake mwenyewe. Huliamini au hulikataa. Ndiyo maana inafaa kueleza jibu hilo linavyopatikana, na hasa kueleza kinachotokea pale ambapo kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono inapokabidhiwa mtambo. Makala yanaanza na kemikali zenyewe, yanaendelea na asili ya ukomo wa kisheria, kisha yanafuata sampuli kutoka bombani hadi kwenye cheti cha majibu.

2. Kemikali zinazopimwa

PFAS ni kundi la maelfu ya kemikali zilizotengenezwa na binadamu, ambazo katika molekuli zake atomi za kaboni zimeungana na atomi za florini. Muungano wa kaboni na florini ni miongoni mwa miungano imara kuliko yote katika kemia ya kaboni. Uimara huo ndio uliozifanya zipendwe viwandani: hustahimili joto, mafuta na maji. Zimetumika katika vyombo vya kupikia visivyogandisha chakula, vitambaa visivyopenya maji, vifungashio vya vyakula vyenye mafuta na mapovu ya kuzimia moto wa petroli. Uimara huohuo ndio unaozifanya zidumu katika udongo, maji na damu baada ya matumizi kwisha.

Kisa kilichozifanya zijulikane kwa umma kinahusu eneo la Parkersburg, katika jimbo la West Virginia. Mwaka 1998 mfugaji mmoja, Wilbur Tennant, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa, alimwendea wakili Rob Bilott. Uchunguzi wa nyaraka uliofuata ulielekea kwenye kemikali iitwayo PFOA, iliyotumiwa na kampuni ya DuPont katika kiwanda cha jirani kutengenezea Teflon. Katika makubaliano ya mwaka 2004 yaliyomaliza shauri la wakazi, ilikubaliwa kwamba jopo huru la wanasayansi lichunguze madhara. Wakazi wapatao 69,000 walitoa damu na taarifa za afya zao. Kufikia mwaka 2012 jopo lilikuwa limehitimisha kwamba kulikuwa na uhusiano wa kuaminika kati ya PFOA na magonjwa sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolesteroli nyingi na shinikizo la damu la ujauzito. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka PFOA katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Jambo hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ambao uliiorodhesha PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022 miongoni mwa kemikali za kudhibitiwa au kukomeshwa. Watafiti wamekwisha kuchunguza kemikali za kundi hili katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria na katika ardhi oevu za Kampala. Hata hivyo, mbinu za upimaji zinazoelezwa hapa ni zile za Marekani, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa hatua kwa hatua kwa ajili ya maji ya kunywa na zinazotumiwa kama rejea na maabara za nchi nyingi.

3. Asili ya namba 4

Mwaka 2009 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, au EPA, lilitoa ushauri wa muda uliotaja nanogramu 400 kwa lita kwa PFOA na 200 kwa PFOS. Mwaka 2016 ushauri huo ulishushwa hadi nanogramu 70 kwa jumla ya kemikali hizo mbili. Aprili 2024 ilitolewa kanuni yenye nguvu ya sheria: nanogramu 4.0 kwa lita kwa kila moja ya hizo mbili. Mei 2025 EPA ilitangaza nia ya kuubakiza ukomo huo na kuwaongezea wasambazaji wa maji muda wa kuutimiza hadi mwaka 2031.

Udogo wa kiasi hiki unahitaji mfano. Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Tuchukue tangi la maji la lita 10,000, kama yale yanayowekwa kando ya nyumba na shule zetu. Likiwa na PFOA kwa kiwango cha nanogramu 4 kwa lita, tangi zima litakuwa na miligramu 0.04 tu za kemikali hiyo.

Swali la msingi ni kwa nini ikawa 4, si 10 wala 1. Kanuni ya 2024 ina namba mbili kwa kila kemikali. Ya kwanza ni lengo la kiafya, na kwa PFOA na PFOS lengo hilo ni sifuri. Ya pili ni ukomo unaotekelezeka, ambao sheria inataka uwe karibu na lengo kadiri inavyowezekana, kwa kuzingatia uwezo wa kupima, njia za kusafisha maji na gharama. Namba 4.0 ndiyo iliyoonekana kuwa kiwango cha chini ambacho maabara za kawaida zenye ithibati zinaweza kukipima kwa usahihi unaokubalika. Kwa maneno mengine, chini ya hapo sheria haisemi kwamba hakuna hatari. Inasema kwamba hakuna kipimo cha kutegemewa kinachoweza kutumika nchi nzima. Sheria imesimama pale ambapo mkono wa maabara umefika.

Matokeo yake ni mazito. Wastani wa mwaka wa nanogramu 4.0 humwacha msambazaji wa maji akiwa ndani ya sheria, na wa 4.1 humtoa nje. Tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi ya nanogramu inaweza kuamua iwapo mji mdogo utafunga kisima au utajenga mtambo wa kusafishia maji kwa mkaa amilifu. Kwa upande mwingine, jibu lililoshuka kimakosa kutoka 6 hadi 3 huwaacha watu wakinywa maji ambayo sheria ilikusudia kuwaepusha nayo.

4. Safari ya sampuli

4.1 Kuchukua sampuli

EPA ina mbinu mbili kuu za kupima PFAS katika maji ya kunywa. Mbinu namba 537.1, iliyotolewa mwaka 2018, hupima kemikali 18. Mbinu namba 533 ya mwaka 2019 hupima 25, zikiwamo zenye minyororo mifupi ya kaboni. Zikitumika pamoja, hufikia kemikali 29.

Sampuli huchukuliwa katika chupa za polipropileni zenye mililita zisizozidi 250. Ndani ya chupa huwekwa dawa ya kuondoa klorini iliyobaki majini. Anayechukua sampuli hutakiwa kunawa mikono na kuvaa glavu zisizo na PFAS, kwa sababu nguo zisizopenya maji, utepe wa mafundi bomba na hata baadhi ya vifungashio vya chakula vinaweza kuwa na kemikali zinazotafutwa.

Pamoja na chupa ya sampuli hupelekwa chupa ya maji safi kutoka maabara. Afika bombani, mchukuaji hulifungua na kumimina maji hayo katika chupa tupu, kisha huirudisha pamoja na sampuli. Chupa hii, tutakayoiita sampuli tupu ya uwandani, huonyesha kama kemikali imetoka kwenye mikono, hewa au vyombo badala ya kutoka bombani. Kemikali iliyoonekana katika sampuli ikikutwa pia katika sampuli tupu kwa zaidi ya theluthi moja ya kiwango cha kuripotiwa, jibu hilo hubatilika na sampuli hutakiwa kuchukuliwa upya.

4.2 Uziduaji kwa mango

Hatua ya pili ni kuikusanya kemikali kutoka katika maji mengi na kuiweka katika kimiminika kidogo. Maji hupitishwa katika katriji, yaani kimrija cha plastiki kilichojazwa chembe za resini. PFAS hunasa kwenye resini na maji hupita. Kisha katriji husuuzwa kwa methanoli, ambayo huzing'oa kemikali na kuondoka nazo. Methanoli hiyo hukaushwa kwa mkondo wa gesi ya naitrojeni, na masalia huyeyushwa tena hadi kufikia mililita 1. Mililita 250 zikiwa zimegeuka kuwa 1, kiwango cha kemikali kimeongezeka mara 250, na kifaa cha kupimia sasa kinaweza kukiona.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Maji yakipita haraka mno, kemikali hazipati muda wa kunasa. Resini ikikauka kabla ya sampuli kuingia, uwezo wake wa kunasa hupungua. Zaidi ya hayo, baadhi ya PFAS hung'ang'ania kuta za chupa. Kwa hiyo, chupa yenyewe hutakiwa kusuuzwa kwa methanoli, na masuuzo hayo kupitishwa katika katriji ileile. Anayeisahau hatua hiyo huacha sehemu ya jibu chupani.

4.3 Kutenganisha na kutambua

Hatua ya tatu hutumia vifaa viwili vilivyounganishwa. Cha kwanza, kromatografia ya kimiminika, hukisukuma kimiminika katika mrija mwembamba uliojazwa chembe laini, hata kila kemikali ikatoka kwa wakati wake. Cha pili, spektrometa ya masi, huzipa molekuli chaji ya umeme, huzichagua kwa uzito, huzivunja, kisha huchagua tena vipande. Kwa PFOS, kifaa hutafuta ayoni ya masi 499 inayotoa kipande cha 80. Kwa PFOA, ayoni ya 413 inayotoa kipande cha 369. Ni nadra kwa kemikali nyingine kutoka kwa wakati uleule, kwa masi ileile, na kuvunjika vivyo hivyo. Hapo ndipo uhakika wa utambuzi unapotoka.

5. Mtambo unachukua nafasi gani

Vifaa vya hatua ya tatu vimekuwa vikijiendesha kwa muda mrefu: mkono wa mashine huchukua vichupa kimoja baada ya kingine usiku kucha. Mabadiliko makubwa ya karibuni yako katika uziduaji. Katika uziduaji wa mkono, mfanyakazi husimama mbele ya safu ya katriji zilizounganishwa na pampu ya ombwe na kurekebisha koki moja moja. Kwa mwendo wa mililita 5 kwa dakika, unaotumika katika mbinu namba 533, chupa ya mililita 250 huhitaji dakika 50, na muda wote huo matone hutakiwa kuangaliwa.

Mtambo wa kujiendesha hufanya kazi hiyo kwa pampu na vali zinazoongozwa na programu. Faida yake kubwa si kasi, bali usawa. Katriji ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku hupata mwendo mmoja, kiasi kimoja cha methanoli na muda mmoja wa kukaushwa. Mtambo huandika pia kila ulichofanya, hivyo jibu likitiliwa shaka, kumbukumbu zipo. Hauchoki, na haupunguzi mwangalizo saa ya kwenda nyumbani inapokaribia.

Hata hivyo, mtambo huleta hatari zake. Mirija, vali na vizibo vya mitambo ya maabara mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya florini, kwa kuwa hustahimili viyeyushi vikali. Plastiki hiyo ni ya ukoo uleule wa bidhaa zilizoipeleka PFOA katika maji ya Parkersburg, na inaweza kudondosha PFAS katika sampuli. Mbinu za EPA zinaruhusu mitambo ya kujiendesha, lakini zinaonya kuhusu jambo hili waziwazi. Maabara hulazimika kubadili mirija hiyo kwa ile ya chuma au ya plastiki zisizo na florini. Katika kromatografia huongezwa safu ya pili kabla ya mahali pa kuingizia sampuli, ili PFAS inayotoka katika pampu icheleweshwe na isichanganyike na ile ya sampuli. Hata vifuniko vya vichupa hubadilishwa: vyenye utando wa Teflon huachwa, na hutumika vya polipropileni, ingawa hivi havijizibi baada ya kutobolewa na sindano, hivyo kurudia kipimo katika kichupa kilekile huwa vigumu.

Hatari ya pili ni mabaki. Sampuli yenye kemikali nyingi, kwa mfano kutoka kisima kilicho karibu na uwanja wa mazoezi ya zimamoto, inaweza kuacha masalia katika mirija, na masalia hayo yakaonekana katika sampuli ya mji mwingine inayofuata. Ya tatu ni kishawishi cha kuirekebisha mbinu ili iufae mtambo. Mtambo unaonyonya maji kutoka chupani kwa mrija unaweza usiwe umeundwa kuisuuza chupa. Mbinu za EPA zinakataza hatua yoyote ya uziduaji kubadilishwa au kurukwa kwa ajili hiyo. Mtambo ndio unaopaswa kuitii mbinu.

Ya nne iko katika programu ya kusoma matokeo. PFOS inayotengenezwa viwandani huwa na molekuli zilizonyooka na zenye matawi, ambazo hutoka kwa nyakati zinazokaribiana na kuchora vilele zaidi ya kimoja. Mbinu inataka vyote vijumlishwe. Programu iliyoachwa peke yake inaweza kuchukua kilele kikubwa na kuacha vidogo, na jibu likashuka bila ya mtu kutambua. Bado panahitajika jicho la mkemia.

6. Namna mtambo unavyosimamiwa

Uaminifu wa jibu hautokani na sifa ya mtambo, bali na sampuli za ulinzi zinazosafiri pamoja na sampuli halisi. Kila kundi la sampuli zisizozidi 20 huambatana na sampuli tupu ya maabara, iliyopitishwa katika katriji, mirija na viyeyushi vilevile. Ikionyesha PFAS, basi maabara imejipima yenyewe. Huambatana pia na maji yaliyotiwa kiasi kinachojulikana cha kemikali, ili ionekane kama kiasi hicho kinarudi.

Ulinzi makini zaidi ni wa kemikali pacha. Katika mbinu namba 533, kabla ya uziduaji kuanza, sampuli hutiwa kemikali zenye umbo lilelile la zile zinazotafutwa, ila baadhi ya atomi zake ni isotopu nzito, kama vile kaboni-13. Pacha hunasa, hung'oka na hupotea kwa kiasi kilekile cha mwenzake, lakini spektrometa huwatofautisha kwa masi. Ikiwa pacha amerudi kwa asilimia 70, inachukuliwa kwamba mwenzake naye amerudi kwa asilimia 70, na hesabu husahihishwa. Akirudi chini ya asilimia 50 au zaidi ya asilimia 200, jibu la kemikali hiyo halikubaliki. Kwa njia hii kila chupa hubeba shahidi wake, na kosa la mtambo katika chupa moja halijifichi nyuma ya wastani wa chupa nyingine.

7. Lugha ya majibu

Kazi hii yote huishia katika cheti, na cheti huishia katika maneno ya mtu anayemweleza mwananchi. Hapa Kiswahili kina wajibu wake. Maabara inapoandika kwamba kemikali iko chini ya kiwango cha kuripotiwa, haisemi kwamba haimo. Inasema kwamba, ikiwa imo, haijafikia kiasi ambacho maabara inaweza kukitaja kwa uhakika. Tafsiri ya haraka, "maji hayana kemikali" au "maji ni salama", huvuka mpaka ambao mkemia ameutunza kwa sampuli tupu na kemikali pacha.

Tunapendekeza kutofautisha kauli tatu. "Haimo" iachwe kabisa, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kuithibitisha. "Haikuonekana" itumike pale ambapo kifaa hakikutoa ishara yoyote ya kemikali. "Haikufikia kiwango cha kuripotiwa" itumike pale ambapo ishara ilikuwapo lakini ilikuwa ndogo mno, na kiwango chenyewe kitajwe kwa namba. Aidha, idadi ya kemikali zilizotafutwa itajwe daima. Sentensi kama hii inatosha: "Kati ya kemikali 29 zilizotafutwa, hakuna iliyofikia kiwango ambacho maabara inaweza kukitaja kwa uhakika." Haimtishi msomaji, na haimpi hakikisho ambalo maabara haikulitoa, kwa kuwa PFAS zipo kwa maelfu na 29 ni sehemu ndogo tu.

8. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ukomo wa nanogramu 4 ni kipimo cha uwezo wa maabara kama ulivyo ukomo wa sheria. Mitambo ya kujiendesha imeufanya uwezo huo uenee katika maabara nyingi, kwa kuondoa tofauti za mkono na kutunza kumbukumbu. Lakini mtambo huo una mirija inayoweza kuchafua, programu inayoweza kuacha kilele na mwelekeo wa kuruka hatua isiyoupendeza. Kwa nchi zinazojiandaa kuanza upimaji huu, ununuzi wa mtambo si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kuwa na maji yasiyo na PFAS ya kutengenezea sampuli tupu, wakemia wanaoweza kukataa jibu lililotoka kwenye mashine, na istilahi za kulieleza jibu hilo kwa ukweli kwa yule atakayeyanywa maji.